Fanani na Hadhira Mimbarini: Kuishirikisha Jamii ya Waumini katika Utayarishaji wa Mahubiri

Utangulizi

Wapo Wakenya wengi ambao hawajafungua kitabu cha Kiswahili tangu watoke shuleni, lakini kila Jumapili huketi nusu saa au zaidi wakisikiliza lugha hiyo ikitumiwa kufunza, kuonya, kuliwaza na kushawishi. Kwao, mimbari ndiyo darasa la Kiswahili lililobakia. Mwanafunzi wa isimu au wa fasihi anapoyachunguza mahubiri, aghalabu huanza na tukio lenyewe: sauti ya mhubiri, takriri zake, methali zake na ishara za mwili wake. Makala haya yanaanza siku chache kabla ya tukio hilo, wakati mahubiri bado hayajapata umbo. Swali linaloshughulikiwa ni hili: ni nani anayestahili kuwapo mahubiri yanapotungwa?

Jibu lililozoeleka ni kwamba mhubiri hutunga peke yake. Hujifungia na Biblia, kamusi na vitabu vya ufafanuzi, akaomba, akaandika, kisha akajitokeza Jumapili na ujumbe uliokamilika. Mkabala unaofafanuliwa hapa unashikilia kwamba waumini wanaweza, na pengine wanapaswa, kushirikishwa mapema: waulizwe wanavyolisikia somo, linavyogusana na maisha yao, na ni wapi linapowatatiza.

Suala hili si la mbinu tupu. Mnamo Februari 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameelemea pande za kisiasa. Mwaka 2023, mamia ya miili ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya watu wanaodaiwa kuhimizwa wafunge hadi kufa. Matukio haya mawili hayalingani kwa asili wala kwa uzito, na hakuna mbinu ya kuandaa mahubiri inayoweza kudai kuwa ingeyazuia. Hata hivyo, yote mawili yanakumbusha kwamba neno linalotoka mimbarini lina nguvu kubwa, na kwamba neno lisilopata wa kulihoji linaweza kupotoka bila msemaji mwenyewe kutambua.

Mahubiri kama Utendaji

Katika nadharia ya fasihi simulizi, utendaji hukamilika pale fanani na hadhira wanapokutana. Mtambaji wa ngano hasemi ‘Paukwa’ kisha akaendelea bila kusubiri. Husubiri aitikiwe ‘Pakawa’. Mwitikio huo ni idhini. Hadhira ikinyamaza, ngano haianzi. Vivyo hivyo, mhubiri hutanguliza ‘Bwana asifiwe!’ akaitikiwa ‘Amina!’, na katika makanisa ya Kikatoliki husema ‘Tumsifu Yesu Kristu’ akajibiwa ‘Milele amina’. Katika makanisa mengi mwitikio huo huendelea katikati ya mahubiri: kwa vigelegele, kwa wimbo unaoanzishwa na muumini mmoja, au kwa sentensi ambayo mhubiri huiacha nusu ili kusanyiko limalizie. Henry H. Mitchell, aliyechapisha utafiti wake juu ya mahubiri ya Wamarekani Weusi mwaka 1970, alionyesha kwamba mwitikio wa namna hiyo ni sehemu ya mahubiri yenyewe.

Licha ya hayo, ushiriki huo una mpaka. Hadhira inayoitikia ‘Amina’ huitikia jambo ambalo limekwisha kuamuliwa. Inaweza kulitia nguvu au kulipooza, lakini haiwezi kulibadilisha. Fred Craddock, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu mhubiri asiyejitwalia mamlaka, aligusa kasoro hiyo. Alieleza kwamba mhubiri huanza katika chumba chake cha kusomea akiwa na maswali na mambo madogo madogo anayoyaona, akatoka hapo hadi akafikia hitimisho. Siku ya Jumapili huanza na hitimisho, akawanyima wasikilizaji safari aliyoisafiri. Wao hupokea matunda bila kuuona mti.

Kuwashirikisha waumini katika utayarishaji ni njia mojawapo ya kuwaalika katika safari hiyo.

Usuli wa Ushirikishwaji

Wazo hili si geni katika Ukristo. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, Ezra anausomea umati torati huku Walawi wakiwafafanulia watu wanachokisikia. Katika Luka 24, wanafunzi wawili walio njiani kuelekea Emau hawaanzi kwa kuhubiriwa. Kwanza wanaulizwa wanazungumza nini, nao wanasimulia huzuni yao kwa kirefu. Ufafanuzi wa maandiko unafuata baadaye. Watu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume 17, wanasifiwa kwa kuyachunguza maandiko ili wahakikishe kama waliyoambiwa yalikuwa kweli.

Katika karne ya 20, mfano uliojulikana mno ulitoka Nicaragua. Mwaka 1966, padre na mshairi Ernesto Cardenal alianzisha jumuiya katika visiwa vya Solentiname, kwenye Ziwa Nicaragua. Badala ya homilia ya kawaida, wavuvi na wakulima wa visiwa hivyo waliijadili Injili ya siku hiyo kwa pamoja, na mazungumzo yao yakachapishwa kuwa kitabu katika miaka ya 1970. Mwezi wa Oktoba 1977, baada ya baadhi ya vijana wa jumuiya hiyo kushiriki katika shambulizi la kambi ya askari mjini San Carlos, kikosi cha utawala wa Somoza kiliibomoa jumuiya. Tukio hilo linaonyesha kwamba watu wanapoanza kulifasiri neno kwa macho ya maisha yao, mazungumzo hayo hayabaki kuwa maneno matupu. Kwa wengine hiyo ndiyo fahari ya mkabala huu. Kwa wengine ndiyo hatari yake.

Afrika Mashariki ina usuli wake. Mwaka 1973, maaskofu Wakatoliki wa eneo hili, chini ya shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi na kuamua kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Mwaka 1976 walilifanya suala hilo kuwa mada kuu ya mkutano wao. Leo, katika parokia nyingi za Kenya, majirani hukutana kila juma katika nyumba ya mmoja wao na kusoma Injili ya Jumapili inayokuja. Nyingi hufuata njia ya hatua saba iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana kwa sala, kusoma somo, kuchagua na kurudia maneno yaliyogusa, kunyamaza, kushirikishana yaliyosikika moyoni, kujadili jukumu la kutenda, na kusali pamoja. Kwa hakika, jumuiya hizo hufanya nusu ya kazi ya kuandaa homilia kila juma. Linalokosekana mara nyingi ni njia ya kuyafikisha yaliyosemwa huko kwa padre kabla hajasimama mimbarini.

Nchini Tanzania, katika Usukuma, kamati ya utafiti iliyofanya kazi pamoja na Padre Donald Sybertz huko Ndoleleji ilikusanya methali, nyimbo na hadithi za Wasukuma na kuzitafutia nafasi katika mafundisho ya kanisa. Kutokana na juhudi za namna hiyo, Sybertz na mwenzake Joseph Healey walitoa kitabu cha Kiswahili, Kueneza Injili kwa Methali. Wazee waliozijua methali hizo hawakuwa wasikilizaji tu. Walikuwa wataalamu ambao bila wao mhubiri asingekuwa na la kunukuu.

Upande wa Waprotestanti, Mmarekani John S. McClure alipendekeza mwaka 1995 kile alichokiita mimbari ya meza ya duara. Mhubiri hukaa na kikundi kidogo cha waumini kabla ya Jumapili, wakalijadili somo, naye akayaacha mazungumzo hayo yaongoze mawazo na mpangilio wa mahubiri. Wanakikundi hubadilishwa baada ya muda ili kisiwe kikundi cha wateule.

Namna ya Kuandaa Mahubiri kwa Pamoja

Kutokana na mifano iliyotajwa, utaratibu unaoweza kufuatwa na kanisa la kawaida una hatua nne.

(a) Kuunda kikundi. Watu sita hadi kumi wanatosha. Jambo la msingi ni tofauti baina yao: vijana kwa wazee, wanawake kwa wanaume, aliyesoma kwa asiyesoma, mwenye kazi kwa asiye nayo, na katika miji yetu, watu wa jamii na lugha tofauti. Kikundi cha wazee wa kanisa pekee kitamrudishia mhubiri sauti anazozisikia kila siku. Wanakikundi wabadilishwe kila baada ya miezi michache.

(b) Kulisoma somo. Kikundi hukutana mapema katika juma, kwa saa moja au moja na nusu. Somo husomwa kwa sauti mara mbili, ikiwezekana katika tafsiri mbili, mathalan Union Version ya mwaka 1952 na Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990. Ni vyema mkutano uongozwe na mtu mwingine asiyekuwa mhubiri, kwani mhubiri akiongoza, wengi hungoja kusikia jibu lake. Kazi yake hapa ni kusikiliza, kuandika na kuuliza maswali mepesi: Ni neno gani lilikugusa? Ni nani katika kisa hiki anayefanana na mtu unayemjua? Ni jambo gani ambalo hukubaliani nalo?

(c) Kurudi chumbani. Mhubiri huyachukua maswali ya kikundi na kuyapeleka kwenye vitabu vyake. Taaluma yake haipungui thamani. Inapata kazi mahususi ya kufanya. Halazimiki kutumia kila lililosemwa, na kamwe hamtaji aliyesema wala hasimulii siri ya mtu.

(d) Kutathmini. Baada ya Jumapili kikundi hukutana tena kwa muda mfupi. Je, mahubiri yalisikika kama yalivyokusudiwa? Ni wapi kusanyiko lilinyamaza, na ukimya huo ulikuwa wa tafakuri au wa kuchoka?

Mfano: Sarafu Mbili za Mjane

Manufaa ya utaratibu huu yanaonekana vyema zaidi katika somo mahususi. Kisa cha mjane maskini katika Marko 12:41-44 hutumiwa mara nyingi kanisa linapofanya harambee. Yesu anaketi akiwatazama watu wakitia fedha katika hazina ya hekalu. Matajiri wanatoa nyingi. Mjane anatia sarafu mbili ndogo, naye Yesu anawaambia wanafunzi kwamba huyo ametoa zaidi ya wote, kwani ametoa riziki yake yote. Sarafu hiyo iliitwa leptoni, na leptoni 128 zilifanya dinari moja, iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku. Sarafu mbili, basi, zilikuwa sehemu moja ya 64 ya ujira huo. Kwa kibarua anayelipwa shilingi 640 kwa siku, hiyo ni shilingi 10.

Mhubiri aliye peke yake huweza kuandaa ujumbe mwepesi: toeni kama mjane. Sasa na idhaniwe kwamba somo hili limesomwa mbele ya kikundi chenye mjane anayeuza mboga sokoni, mwekahazina wa kanisa, kijana wa bodaboda na mwalimu mstaafu. Mjane anauliza swali moja: Jioni hiyo mama huyo alikula nini?

Swali hilo halimo katika vitabu vingi vya mahubiri, lakini linamrudisha mhubiri kwenye matini. Katika aya ya 40, mstari mmoja tu kabla ya kisa hiki, Yesu anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mwanzoni mwa sura ya 13, mara tu baada ya kisa, anatabiri kwamba hekalu lenyewe litabomolewa. Mwaka 1982, mtaalamu Addison G. Wright aliutumia muktadha huo kudai kwamba maneno ya Yesu ni maombolezo zaidi ya sifa: anasikitikia mfumo wa dini uliomfunza mjane kutoa hata chakula chake. Wataalamu wengine wanashikilia kwamba ni sifa, kwa kuwa mjane analinganishwa na waandishi wanaopenda kuonekana.

Mazungumzo hayaishii hapo. Mwekahazina anapinga: ikiwa huo ndio ufasiri, hakuna atakayetoa, na paa la kanisa bado linavuja. Mwalimu anauliza kama mtu anayetoa mabaki yake anaweza kuitwa mtoaji. Kisha yule mjane, aliyeanzisha hoja, anakataa kuhurumiwa kupita kiasi. Mama wa Injili, asema, hakulazimishwa; umaskini haujamwondolea mtu hiari yake wala heshima ya kutoa.

Mhubiri anaondoka na jambo zito kuliko alilokuja nalo. Hawezi tena kumtumia mjane kama fimbo ya kuwachapia maskini, wala hawezi kumgeuza kuwa mnyonge asiye na uamuzi. Anaweza kuyapanga mahubiri yake kwa mpangilio wa mazungumzo yenyewe: aanze na swali la jioni, apitie aya ya 40, aipe hoja ya paa linalovuja nafasi yake, kisha aligeuzie kusanyiko lote swali jingine. Ikiwa mjane ametoa yote, ni nani sasa mwenye wajibu wa kumtunza? Matendo ya Mitume 6 yanasimulia kwamba kanisa la kwanza lilikabili manung’uniko kuhusu wajane waliosahaulika katika huduma ya kila siku, likawateua watu saba kulishughulikia. Mahubiri yaliyoanza kama wito wa kuchanga yamekuwa wito kwa kanisa kujichunguza, na mchango wa paa haujakatazwa.

Mchango wa Kikundi katika Lugha

Fauka ya ufasiri, kikundi humsaidia mhubiri kutambua namna maneno yake yanavyosikika. Sajili ya dini ina msamiati ambao waumini huuzoea bila kuuelewa: kuhesabiwa haki, utakaso, upatanisho, neema. Muumini huweza kuitikia ‘Amina’ kwa neno asiloweza kulifafanua. Kikundi kinapoombwa kulieleza neno hilo kwa maneno yake, pengo hujitokeza.

Neno ‘talanta’ katika Mathayo 25 ni kielelezo kizuri. Kijana wa leo anapolisikia hufikiria kipaji cha kuimba au kucheza kandanda. Katika kisa chenyewe, talanta ni kiasi cha fedha, na kikubwa mno: dinari 6,000, yaani ujira wa kibarua wa takriban miaka 20. Mhubiri asiyejua kwamba vijana wanasikia ‘kipaji’ atazungumzia jambo moja huku wao wakielewa jingine. Akijua, anaweza kuutumia upanuzi huo wa maana badala ya kuupuuza. Hali kadhalika, ‘mtoza ushuru’ kwa mwenye kibanda sokoni si mhusika wa kale. Ni mtu anayebisha hodi kila asubuhi na kitabu cha risiti. Mchuuzi huyo huuelewa mshangao wa watu walioona Yesu akila na Lawi kuliko mtu aliyekisoma kisa hicho vitabuni tu.

Aidha, kikundi chenye lugha mbalimbali huibua methali na tamathali ambazo mhubiri mmoja hawezi kuzijua zote. Penye wengi pana mengi. Huweza pia kumwonya pale methali fulani, au mzaha kuhusu kabila fulani, unapowachoma baadhi ya waliomo kanisani. Katika nchi ambayo maneno yamewahi kutangulia mapanga, onyo la namna hiyo lina thamani kubwa.

Pingamizi na Mipaka

Mkabala huu una wapinzani, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Kwanza, inadaiwa kwamba mahubiri ni neno la Mungu kwa watu, wala si maoni ya watu kuhusu Mungu. Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, unaonya juu ya watu watakaojitafutia walimu wa kuwaambia yanayowapendeza. Hatari hii ipo. Hata hivyo, mfano wa mjane unaonyesha kwamba kikundi hakitafuti lazima yanayopendeza. Maswali yake yanaweza kuwa makali kuliko ya mhubiri. Upweke nao si kinga, kwani mhubiri aliye peke yake anaweza kuyapendeza masikio yake mwenyewe.

Pili, kuna suala la mamlaka. Katika Kanisa Katoliki, kanuni ya 767 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtengea padre au shemasi homilia ya misa. Kanuni hiyo inahusu anayehubiri. Haimzuii kusikiliza kabla ya kuhubiri. Papa Francis, katika waraka wake wa mwaka 2013 kuhusu furaha ya Injili, alisisitiza kwamba mhubiri analisikiliza neno na anawasikiliza watu pia. Katika makanisa ya Kiprotestanti, yanayofuata fundisho la Martin Luther kuhusu ukuhani wa waumini wote, kizuizi cha kisheria ni kidogo, ingawa mazoea yanaweza kuwa magumu kuliko sheria.

Tatu, kikundi kinaweza kutekwa na wenye fedha, wenye kisomo, au wanasiasa wanaojua thamani ya mimbari. Ndiyo maana kubadilishwa kwa wanakikundi ni sharti la lazima. Nne, mhubiri mwenye makanisa manane ya kuzungukia hana saa moja na nusu ya ziada. Kwake, jumuiya ndogo ndogo zinazokutana tayari zinafaa zaidi: katekista au mwenyekiti anaweza kumpelekea maswali mawili matatu kabla ya Jumamosi.

Hitimisho

Makala haya yamefafanua namna jamii ya waumini inavyoweza kushirikishwa katika kuandaa mahubiri, usuli wa mkabala huo na mipaka yake. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, uwanja huu una rutuba. Mazungumzo ya kikundi yanaweza kurekodiwa kwa idhini ya wahusika na kulinganishwa na mahubiri yaliyotokana nayo: ni maswali gani yaliingia, yapi yaliachwa, na lugha ya mjane au ya kijana ilibadilika vipi ilipopita kinywani mwa mhubiri. Utafiti wa namna hiyo ungeonyesha kwa ushahidi kama hadhira imepata nafasi katika utunzi au imealikwa kwa jina tu.

Kwa mhubiri, faida ni ya karibu zaidi. Jumapili anaposimama na kutazama nyuso zilizo mbele yake, atakuwapo angalau mtu mmoja katika benchi la nyuma atakayelisikia swali lake mwenyewe likiulizwa mbele ya wote, bila jina lake kutajwa. Mtu huyo hatasubiri kuambiwa aseme ‘Amina’.